SPIKA ZA LORI

Tunduma ni mji wa mpakani katika Mkoa wa Songwe. Ng'ambo ya mpaka ni Nakonde, nchini Zambia. Malori mengi yatokayo Dar es Salaam hupita hapa kwenda Zambia na Kongo. Kutoka Dar es Salaam mpaka Tunduma ni zaidi ya kilomita 900. Dereva na utingo wake hula na kulala katika kebini. Redio ndiyo mwenzao. Kwa hiyo wengi hutaka spika nzuri kuliko zile zilizokuja na lori.

Hilo ni jambo jema. Lakini kazi hiyo ikifanywa ovyo, betri hufa, na hata lori huweza kuungua. Ndugu msomaji, huenda kijana wako ni utingo au anajifunza ufundi. Tujifunze pamoja.

Umeme wa lori

Betri moja ina volti 12. Lori kubwa huwa na betri mbili zilizofuatanishwa. 12 na 12 ni 24. Redio nyingi za magari madogo ni za volti 12. Ukiiunga redio hiyo kwenye volti 24, itaungua.

Mafundi wengine huchukua umeme kwenye betri moja tu. Redio italia, lakini betri hiyo itachoka kila siku. Nyingine itachajiwa kupita kiasi na maji yake yatakauka. Mwishowe zote mbili zitakufa. Njia sahihi ni kufunga kifaa cha kupunguza volti kutoka 24 hadi 12, au kununua redio ya volti 24.

Kabla ya kununua spika

Kwanza kagua spika ulizo nazo. Kila spika ina ncha mbili: chanya na hasi. Nyaya za spika moja zikigeuzwa, spika hiyo itavuta wakati mwenzake inasukuma. Sauti nzito, kama ya ngoma, itapotea. Rekebisha nyaya hizo. Kisha kaza skrubu, maana spika iliyolegea hukoroma. Pengine hutahitaji kutoa fedha.

Ukinunua spika mpya, soma maandishi ya nyuma yake. Omu zake zisiwe chini ya zile zinazotakiwa na redio. Zikiwa chini, redio itapata joto na kuharibika.

Fyuzi

Waya ukichubuka na kugusa bodi ya lori, hupata moto mkali. Ndani ya kebini kuna godoro na nguo. Fyuzi hukatika mapema na kuzuia hatari hiyo. Iwekwe karibu na betri.

Tufanye hesabu. Gawa wati kwa volti, upate ampea. Redio ya wati 60 kwa volti 12 hutumia ampea 5. Fyuzi iwe kubwa kidogo kuliko hapo, lakini isizidi uwezo wa waya. Fyuzi ikikatika, tafuta sababu. Usiweke kipande cha waya mahali pake.

Kusikiliza kwa busara

Injini ikiwa imezimwa kwenye foleni, redio hula betri. Foleni ikisogea, lori halitawaka. Lori lenye mzigo wa tani 30 halisukumwi na watu wawili!

Njiani, sauti isizidi kiasi cha kusikia honi ya mwenzako. Masikio yakilia baada ya kuzima redio, hilo ni onyo. Spika mbovu hubadilishwa. Masikio yaliyoharibiwa na kelele hayaponi.

Maswali

1. Kwa nini si vizuri kuchukua umeme wa redio kwenye betri moja tu?
2. Nyaya za spika moja zikigeuzwa, sauti huwaje?
3. Redio ya wati 36 kwa volti 12 hutumia ampea ngapi?
4. Fyuzi imekatika usiku barabarani. Jadilini: dereva afanye nini?