Dondoo muhimu: Wikiendi ya ufukweni, kutoka Nyahanga hadi Mwanza

Kwa familia ya Nyahanga, Kahama, ufukwe unaofikika kwa urahisi ni wa Ziwa Victoria, Mwanza, kwa kupitia Tinde na Shinyanga. Ondokeni alfajiri.

Kabla ya kulipia chumba, ulizeni kama hoteli ina bwawa la kuogelea. Ziwa lina kichocho: vimelea hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi, hasa kwenye kina kifupi chenye magugu, pale pale watoto wanapopenda kuchezea. Aliyeoga ziwani apimwe baada ya wiki sita hivi, dawa ipo.

Kisiwa cha Saanane, hifadhi ya taifa tangu 2013, msikikose. Kwenye boti, mvuteni mtoto jaketi okozi mabegani; likifika masikioni, ombeni dogo zaidi.