SOMO: MWALIMU WA MICHEZO ANAYETAKA KUHAMIA TIBA YA VIUNGO

Katika Wilaya za Tarime na Serengeti, Mkoani Mara, mwalimu wa michezo ndiye mara nyingi hubeba pia jukumu la kumhudumia mchezaji aliyeumia. Wakati wa maandalizi ya UMITASHUMTA na UMISSETA yeye hunyoosha misuli, hufunga bandeji kifundoni na huamua nani apumzishwe. Si ajabu basi mwalimu wa namna hiyo akafikiria kuhamia fani ya tiba ya viungo, yaani fiziotherapia. Somo hili limeandaliwa ili mwenye nia hiyo ajue anachokiendea kabla hajaomba ruhusa ya masomo.

Ifahamike kwanza kwamba uzoefu wa uwanjani haugeuki kuwa leseni. Cheti cha ukocha, hata kile cha Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, wilayani Kwimba, humwandaa mtu kufundisha michezo. Hakimruhusu kutibu wagonjwa. Mtaalamu wa tiba ya viungo husajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya mwaka 2017 ihusuyo madaktari na wataalamu wa afya shirikishi. Stashahada huchukua miaka 3, na miongoni mwa vyuo vinavyojulikana kwa fani hii ni KCMC, Moshi. Mlango wa kuingilia ni Biolojia, Kemia na Fizikia, na hapo mwalimu aliyesoma masomo ya sanaa hukwama. Hata Marekani, ambako watunzaji wa majeraha ya wanamichezo wana leseni yao wenyewe, anayetaka kuhamia tiba ya viungo husoma upya kwa takriban miaka 3 baada ya shahada ya kwanza.

La pili, ambalo ndilo zito zaidi, ni wagonjwa wenyewe. Anayetarajia kuwahudumia wanariadha wa mfano wa John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 goti likiwa limefungwa bandeji, atashangaa. Hospitali ya wilaya humletea mzee aliyepooza upande mmoja, dereva wa pikipiki aliyevunjika mguu, mtoto mwenye mtindio wa ubongo, na mtoto mchanga aliyezaliwa na mguu kifundo.

Huyu wa mwisho atazamwe kwa makini. Kwa njia ya Ponseti, mguu hunyooshwa taratibu kwa mkono na kufungwa plasta mpya kila wiki, kwa kawaida mara 5 au 6. Aghalabu daktari hukata kano ya kisigino. Kisha mtoto huvaa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa ufito, saa 23 kwa siku kwa miezi 3, halafu wakati wa kulala tu hadi afikie umri wa miaka 4 hivi. Wiki za plasta si ngumu sana. Ugumu umo katika miaka ya viatu, pale mguu unapoonekana umepona, na mama mwenye shamba la kupalilia huko Nyamwaga au Nata haoni sababu ya kupoteza siku nzima barabarani. Viatu vikiachwa mapema, mguu huweza kupinda tena.

Hapo kocha ana hazina asiyoijua. Majina ya misuli atafundishwa darasani pamoja na wenzake. Kumfanya mtu arudie zoezi lilelile linalochosha, siku baada ya siku, bila kumvunja moyo, ni ufundi aliokwisha kuupata. Lakini hana budi kuacha desturi ya uwanjani ya kumhimiza anayelalamika. Bega la aliyepooza halivutwi kwa mkono ulio dhaifu, kwani huweza kuteguka.

Kwa mtumishi wa umma, kibali cha mwajiri hutangulia safari ya chuoni. Mwombaji humwandikia Mkurugenzi wa Halmashauri kupitia kwa mkuu wake wa kazi. Ni vyema aulize mapema iwapo ikama ina nafasi ya kada hiyo, kwa kuwa stashahada mpya haimbadilishii mtu kada yenyewe. Wakazi wa Sirari wanaofikiria vyuo vya Kenya watambue kuwa nchi hiyo husajili wataalamu wake kwa sheria yake ya mwaka 2014. Aliyesomea huko hutakiwa kusajiliwa Tanzania kabla hajamshika mgonjwa.