Fimbo ya Mbali na Nyoka wa Karibu: Kufuatilia na Kusimamia Programu Zilizo Winguni

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa fimbo ya mbali haiui nyoka. Methali hii ni kongwe kuliko tarakilishi, lakini inaeleza barabara shida ya kila atendaye kazi kwa programu isiyokaa katika mashine iliyo mbele yake. Ingia katika duka lolote la saiba mjini Keroka, kando ya barabara itokayo Kisii kwenda Sotik. Utamkuta mwanafunzi akiomba mkopo wa masomo, mkulima akiwasilisha ripoti ya kodi, na msafiri akijaza fomu ya pasipoti. Programu wanazozitumia hazikai Keroka. Mashine ya dukani ni dirisha tu. Kazi yenyewe hufanyika kwingine. Dirisha likifungwa siku ya mwisho ya kutuma maombi, nyoka yuko miguuni petu na fimbo iko mbali.

Makala hii inakusudia kuonyesha jinsi programu za namna hii zinavyofuatiliwa na kusimamiwa. Hoja yetu ni kwamba umbali si kisingizio. Huduma ya mbali hutunzika iwapo mambo matatu yatazingatiwa: mpaka wa wajibu ujulikane, afya ya huduma ipimwe pale aliposimama mtumiaji, na njia ya kujiokoa ijaribiwe kabla ya msiba.

Dhana ya wingu

Neno "wingu" limeingia katika Kiswahili cha teknolojia kwa tafsiri ya moja kwa moja, nalo lina hatari ya kupotosha. Wingu tulijualo halina mwenyewe wala anwani. Wingu la tarakilishi lina vyote viwili: ni seva zilizopangwa ndani ya jengo, zenye umeme, vipoza joto na walinzi, na ni mali ya mtu anayezikodisha.

Mfano ulio karibu nasi ni M-Pesa. Huduma hii ilizinduliwa Machi 2007, na kwa miaka kadhaa seva zake zilikuwa Ujerumani, hadi zilipohamishiwa Kenya mwaka 2015. Yaani, mteja alipotoa pesa kwa wakala aliye hatua mbili kutoka kwake, hesabu ilikwenda Ulaya na kurudi. Umbali huo una gharama isiyokwepeka. Nuru ndani ya kebo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde; kwa hiyo kila kilomita 1,000 za njia huongeza milisekunde 10 hivi za kwenda na kurudi. Programu inayouliza na kujibiwa mara mia moja ili kufungua ukurasa mmoja itaonekana nzito, hata kama seva yake ni nzima kabisa.

Mpaka wa wajibu

Watu wa Keroka hawahitaji kufundishwa maana ya mpaka. Mji wao umekaa mpakani mwa kaunti za Kisii na Nyamira, na tangu serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, suala la nani atoze ushuru katika mji huo limezua mvutano. Mpaka usipoeleweka, wawili hudai mapato, lakini taka zikirundikana kila mmoja humwonyesha mwenzake.

Winguni mambo ni hayo hayo. Mwenye kituo cha data huwajibika kwa jengo, umeme na mitambo. Kampuni ya mtandao huwajibika kwa njia. Mpangaji, yaani taasisi iliyokodi nafasi, hubaki na data yake, watumiaji wake, maneno ya siri na mipangilio ya programu. Taasisi nyingi hukosea hapa: hudhani kwamba kwa kulipa kodi ya kila mwezi zimenunua pia uangalizi wa data zao. Nchini Kenya, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 haimwondolei wajibu mwenye data za watu eti kwa sababu amezihifadhi kwa mwingine.

Kufuatilia: kupima nini, na kutoka wapi?

Mfuatiliaji hujiuliza maswali manne. Je, huduma inapatikana? Inajibu baada ya muda gani? Ni maombi mangapi yanayoshindwa? Mitambo imejaa kiasi gani?

Majibu yapimwe kwa tarakimu. Mkataba ukiahidi upatikanaji wa asilimia 99.9, maana yake ni kwamba katika mwezi wa siku 30 huduma yaweza kukosekana kwa dakika 43 bila mkataba kuvunjwa. Asilimia 99 huruhusu saa 7 na dakika 12. Tofauti hiyo, ndogo karatasini, ni siku nzima ya soko.

Muhimu zaidi ni mahali pa kupimia. Tarehe 28 Februari 2017, huduma ya kuhifadhi data ya kampuni ya Amazon ilianguka katika sehemu ya mashariki mwa Marekani. Ukurasa wa kuwaarifu wateja hali ya huduma ulishindwa kuonyesha hitilafu kwa muda, kwa kuwa nao uliitegemea huduma ile ile iliyoanguka. Mgonjwa alikuwa ameachiwa kujipima homa.

Tena, seva yaweza kuwa hai na njia ikawa imeziba. Mwezi Julai 2023, mfumo wa eCitizen ulishambuliwa kwa mafuriko ya maombi ya uongo. Serikali ilieleza kuwa data haikupotea, lakini wananchi walikosa huduma. Tarehe 12 Mei 2024, kebo za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na mtandao ukadorora katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Katika hali kama hizi, kipimo kilichowekwa kando ya seva kingesema, "Hali ni shwari." Kipimo kilichowekwa Keroka kingesema kweli.

Kufuatilia ni pamoja na kuweka kumbukumbu: nani aliingia, saa ngapi, akabadili nini. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kengele za tahadhari nazo ziwe chache na zenye maana, maana kengele inayolia usiku kucha bila sababu hatimaye huzoeleka na kupuuzwa.

Kusimamia

Kwanza, haki za watumiaji. Kila mtu apewe zinazomtosha kwa kazi yake tu, na anayeacha kazi afungiwe mlango siku hiyo hiyo. Chukulia chama cha akiba ambacho karani wake wa zamani bado anaweza kufungua vitabu vya hesabu akiwa nyumbani kwake. Hapo hakuna kufuli lililovunjwa. Ufunguo haukurudishwa tu.

Pili, mabadiliko. Chanzo cha ajali ile ya Amazon kilikuwa amri moja iliyoandikwa vibaya, ikaondoa seva nyingi kuliko ilivyokusudiwa. Badiliko kubwa lihakikiwe na jicho la pili, na lifanywe kidogo kidogo.

Tatu, uwezo. Msimamizi ajue kalenda ya watu wake. Nchini Kenya, tarehe 30 Juni ni siku ya mwisho ya kuwasilisha ripoti za kodi ya mapato, na wengi huingoja siku hiyo. Mitambo iongezwe kabla ya msongamano.

Nne, nakala za akiba. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab alifuta kwa bahati mbaya hifadhidata iliyokuwa ikitumika. Njia kadhaa za kuhifadhi nakala zilikuwepo, lakini zilipohitajika zikaonekana hazikuwa zikifanya kazi ipasavyo. Data ya takriban saa sita ikapotea. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa ni tumaini tu.

Hitimisho

Tumeona kuwa wingu ni nyumba ya kupanga, na mpangaji mwerevu hujua ukuta upi ni wake. Aliye Keroka hawezi kuinyanyua seva iliyo ng'ambo. Anaweza hata hivyo kuandika saa huduma ilipokatika, kudai haki ya mkataba, kutunza nakala yake, na kuwa na daftari la karatasi ili mteja asirudi mikono mitupu. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Basi na tuwe na fimbo fupi karibu.

Maswali ya kujadili

1. Je, "wingu" ni istilahi mwafaka kwa dhana iliyojadiliwa? Pendekeza nyingine na uitetee.
2. Mkataba unaahidi upatikanaji wa asilimia 99.5. Kokotoa muda ambao huduma inaweza kukosekana katika mwezi wa siku 30.
3. Chagua huduma moja ya mtandaoni itumikayo katika mji wenu, kisha ueleze ni nani anayewajibika kwa kila sehemu yake.