Kabla ya Kuwekewa, Uliza Kinatolewaje

Nilimeza vidonge vya majira, vya kuzuia mimba, kwa miaka sita na sikuwa na ugomvi navyo. Kila usiku nikishafunga mlango wa nje, nameza kimoja, nalala. Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro. Mchana mmoja mwaka 2023 nilikuwa natunga uzi kwenye sindano, tundu likapotea. Mbele ya macho ikatokea mistari inayong'aa, inayokatakata kama mshono wa zigizaga. Ilikaa karibu nusu saa, halafu kichwa kikaanza kugonga upande mmoja. Iliporudi mara ya tatu nikaenda kituo cha afya.

Nesi aliyenipokea, mama wa makamo, aliniuliza kwanza natumia dawa gani. Nilipotaja majira, akaweka kalamu chini.

"Mwanangu, hivyo unaviacha leo."

Akanieleza kuwa vidonge vyangu vina homoni mbili, na moja kati ya hizo, estrojeni, huongeza uwezekano wa damu kuganda. Mwenye kipandauso kinachotanguliwa na miale kama ile yangu akivitumia, hatari ya kiharusi inapanda. Hata mwenye presha ya juu havimfai, wala anayevuta sigara akiwa na miaka 35 na kuendelea. Miaka sita yote sikuwahi kupimwa presha, maana nilikuwa nanunua duka la dawa na kuondoka. Dada unayenunua hivyo, nenda kapime wiki hii.

Siku hiyo nilitoka na kondomu, ili nisikae bila kinga wakati natafakari. Nesi alinikumbusha kuwa kati ya njia zote atakazonionyesha, ni kondomu tu inayokinga pia VVU na magonjwa mengine ya zinaa. Kama humwamini mwenzako, au hujui hali yake, usiiache hata ukiwa na njia nyingine.

Wiki ile niliuliza kila mteja niliyemzoea anatumia njia gani. Aliyenifungua macho ni rafiki yangu mmoja aliyewekewa kijiti bure. Damu ikawa inamtoka matone matone kwa miezi, akataka kitolewe. Kituo cha kwanza wakamwambia mtaalamu hayupo, arudi. Akarudi mara mbili. Kituo cha pili wakamdai hela. Alikaa na kitu asichokitaka mwilini karibu nusu mwaka, na hilo liliniuma, kwa sababu kutolewa ni haki yake sawasawa na kuwekewa. Nikaamua kwamba kwa kila njia nitakayoonyeshwa, nitauliza kwanza inatokaje.

Niliporudi kituoni, nesi alikuwa na sinia dogo la sampuli. Tulianza na sindano ya miezi mitatu. Inatokaje? Haitoki. Ikishachomwa, unasubiri iishe yenyewe, na uzazi unaweza kuchelewa kurudi kwa miezi kadhaa, hata karibu mwaka. Kwa aliyemaliza kuzaa si tatizo kubwa. Mimi nilikuwa nataka mtoto wa tatu baadaye, nikaiweka pembeni.

Kijiti ni laini, chembamba kama njiti ya kiberiti, kinakaa chini ya ngozi ya mkono, upande wa ndani. Kipo cha kimoja na kipo cha viwili, na muda wake ni miaka mitatu au mitano kutegemea aina. Kina homoni moja tu, hakina estrojeni, kwa hiyo kipandauso changu kisingekizuia. Na katika kuzuia mimba ni kati ya njia za uhakika kabisa: kwa mwaka mmoja, wanaopata mimba hawafiki hata 1 kati ya wanawake 100. Kwa vidonge, jinsi tunavyovisahau, hufika kama 7. Kukitoa kunahitaji ganzi, mkato mdogo na mtu aliyefundishwa. Nikakumbuka ya rafiki yangu. Wewe unayetumia dawa za kifafa, za TB au za VVU, zitaje kabla hujawekewa, kwani baadhi yake hupunguza nguvu ya kijiti.

Mwisho akaniwekea kitanzi kiganjani. Nilitegemea kitu cha kutisha. Kilikuwa kiplastiki chenye umbo la T, kifupi kuliko kidole changu cha mwisho, kimezungushiwa waya wa shaba, na nyuzi mbili zinaning'inia chini. Hakina homoni hata kidogo. Aina hiyo inakaa miaka 10. Inatokaje? Nesi akashika nyuzi kwa kibanio, akavuta taratibu, mabawa yakajikunja. Uzazi unarudi mara moja. Nikamuuliza habari ya uvumi kwamba kitanzi hupanda mpaka moyoni. Akachora mfuko wa uzazi, akanionyesha hakuna njia ya kwenda huko. Kinachoweza kutokea, alisema, ni kutoka chenyewe, hasa miezi ya mwanzo, na mara chache sana kutoboa mfuko wa uzazi kinapowekwa.

Nilichagua hicho. Alihakikisha sina mimba wala maambukizi, akaniambia nikohoe, nikahisi mbano mkali kama wa hedhi, kisha basi. Dakika chache. Ila miezi mitatu ya kwanza ilinitesa: hedhi ya siku nne ikawa saba, nzito, na tumbo linasokota. Mwezi wa tano ikatulia. Mwenye hedhi nzito tangu zamani au upungufu wa damu azungumze na nesi kabla ya kuamua, maana kitanzi cha shaba kinaweza kumwongezea.

Vituo vya serikali hutoa huduma za uzazi wa mpango bure. Ukiingia, sema magonjwa yako yote na unataka watoto wengine lini. Halafu uliza: nikikichoka, nani atakitoa, hapahapa, siku gani? Wakishindwa kukujibu, nenda kituo kingine. Na ukishawekewa kitanzi, ukiona homa, uchafu wenye harufu, maumivu makali ya tumbo, au hedhi imekosekana, usisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Rudi siku hiyohiyo.