Gemu za Windows kwenye Linux: Kukataliwa na Kufungiwa

Kwa nini gemu ya Windows hufunguka vizuri kwenye Linux, kisha ikagoma kuingia mtandaoni?

Kufunguka ni kazi ya Proton, programu iliyotolewa na kampuni ya Valve mwaka 2018 juu ya msingi wa mradi mkongwe wa Wine. Proton huyapokea maagizo yaliyoandikiwa Windows na kuyageuza yaeleweke na Linux. Hivyo ndivyo Steam Deck, kompyuta ndogo ya Valve yenye Linux iliyoingia sokoni Februari 2022, inavyocheza gemu nyingi ambazo hazikutengenezewa mfumo wake.

Kikwazo ni programu ya kunasa wadanganyifu, wale wanaomwona adui nyuma ya ukuta au wanaolengewa shabaha na kompyuta. Vanguard, ya kampuni ya Riot Games, hukaa ndani ya kiini (kernel) cha Windows na huanza kazi kompyuta inapowaka, kabla gemu haijafunguliwa. Proton haina kiini hicho. Ndiyo sababu Valorant, gemu ya Riot, haichezeki kwenye Linux, na League of Legends, iliyochezwa kwa Wine miaka mingi, ikawapotea wachezaji wa Linux ilipowekewa Vanguard mwaka 2024.

Je, kila programu ya aina hiyo huikataa Linux?

Hapana. Easy Anti-Cheat na BattlEye zilifungua njia kwa Proton Septemba 2021, lakini uamuzi ulibaki kwa mwenye gemu. Apex Legends iliruhusu, kisha kampuni yake, EA, ikafunga tarehe 31 Oktoba 2024 kwa maelezo kwamba wadanganyifu walikuwa wakijificha kwenye Linux. Hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa Linux humpa mwenye kompyuta uwezo wa kubadilisha hata kiini chenyewe. Hata hivyo, waliobeba adhabu ni pamoja na wachezaji waaminifu waliokwisha kutumia fedha zao humo, na hilo si haki.

Kukataliwa kuingia ni sawa na kufungiwa akaunti?

Ni mambo mawili tofauti kabisa. Anayekataliwa huona ujumbe, gemu ikajifunga, na akaunti yake ikabaki salama. Anayefungiwa hupoteza kila alichokusanya.

Mwaka 2006 kampuni ya Blizzard iliwafungia wachezaji wa gemu yake ya World of Warcraft waliotumia Cedega, programu ya kuendeshea gemu za Windows kwenye Linux. Hawakuwa wamedanganya. Walilalamika, kampuni ikachunguza upya, ikawafungulia na kuwaongezea siku 20 za kucheza.

Anayejaribu kuuficha mfumo wake hana utetezi huo. Kampuni ya Bungie ilitangaza wazi mwaka 2022 kwamba atakayejaribu kukwepa kizuizi cha gemu yake ya Destiny 2 kwenye Steam Deck atafungiwa.

Na mwenye Windows ya zamani?

Mlango unazidi kuwa mwembamba. Steam, duka la gemu la Valve, iliacha kuhudumia Windows 7 na 8 tarehe 1 Januari 2024. Hata Windows 11 peke yake haitoshi: Valorant hudai pia chipu ya usalama ya TPM 2.0 na Secure Boot iliyowashwa.

Mnunuzi afanye nini?

Asome ukurasa wa gemu kabla ya kulipa, aone kama mwenye gemu anauruhusu mfumo wake leo, maana ruhusa ya jana huweza kuondolewa. Akikataliwa, asitafute ujanja wa kupenya. Steam hurudisha fedha ombi likitumwa ndani ya siku 14 tangu kununua, ikiwa gemu haijachezwa kwa saa 2.