Faili ya Mishahara Imekwama? Angalia Kwanza

Mtandao ukikatika katikati ya kutuma faili ya mishahara, tafadhali usikimbilie kuituma tena. Wafanyakazi wanaweza kulipwa mara mbili, na kuomba watu warudishe pesa walizokwisha pokea si kazi rahisi.

Kama jamaa wako wa kompyuta ametumia programu ya C yenye libcurl, mwambie aulize curl_easy_getinfo mara tu curl_easy_perform inapomaliza, kabla ya curl_easy_cleanup. Akichelewa, maelezo yameshafutika. CURLINFO_SIZE_UPLOAD_T itamwonyesha baiti zilizotumwa. Alinganishe na ukubwa wa faili. Zikipungua, faili haijafika yote. Zikilingana, sisi bado tunasema ngoja: faili kutoka kwako si malipo kukubaliwa. Ingia kwenye akaunti ya biashara uone orodha ya malipo, ndio uamue.