Mlaze Mwanafunzi Kwenye Kitanda cha Mgonjwa

Mkufunzi, huruma haiingii kwa kunakili sifa za muuguzi bora. Tumia igizo dhima. Nusu saa inatosha, na kitanda unacho tayari kwenye maabara ya vitendo.

Chagua kisa cha hapa hapa. Uwe unafundisha chuo cha Kisare pale Mugumu au unasimamia wanafunzi walio field Tarime, acha kisa cha kitabuni. Mchukue huyu: binti wa miaka 19, mimba ya kwanza, kaletwa usiku kwa bodaboda na mama mkwe, uchungu umeshashika. Kiswahili chake ni cha kuungaunga. Amekeketwa. Amesikia kwamba kumkeketa binti wa chini ya miaka 18 ni kosa kisheria tangu 1998, na anahofia akifunguka, mama yake mzazi atakamatwa. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulionyesha kuwa asilimia 32 ya wanawake wa mkoa wa Mara walikuwa wamekeketwa. Mwanafunzi wako atampokea binti huyu, tena mapema kuliko unavyodhani.

Andika kadi mbili. Siri ya ukeketaji ikae kwenye kadi ya mgonjwa peke yake. Kadi ya muuguzi iseme: zamu ya usiku, uko peke yako leba, wajawazito watatu.

Sasa gawa nafasi, na hapa usikosee. Yule hodari wa kujibu maswali, mwepesi wa kukaripia wenzake, ndiye awe mgonjwa. Ajilaze chali, kanga juu ya sare, mto uondolewe. Wenzake wamzunguke, waongee juu ya kichwa chake kama vile hayupo. Dakika mbili tu. Hakuna kumpima wala kumgusa. Leo mnafanyia kazi mdomo, macho na pazia.

Mgonjwa akijua Kikurya, ajibu kwa Kikurya. Muuguzi asiyekijua atamgeukia mama mkwe amtafsirie. Mwache afanye hivyo, kisha muulizeni mgonjwa kama angeitoa siri yake mbele ya mama mkwe. Somo la kumtafuta mtumishi mwenzako atafsiri litakuwa limeeleweka.

Subiri ile kauli: "Mbona umechelewa?" Lazima itatoka. Ikitoka, simamisha igizo bila kumgombeza mtu. Muulize mgonjwa: "Umejisikiaje?" Kisha rudieni kuanzia mlangoni, kwa maneno mengine: "Pole na safari, mama. Usiku huu niko na wewe." Muuguzi avute pazia, mama mkwe asubiri nje. Aketi, macho yalingane na ya mgonjwa, ndipo aulize kwa sauti ya chini: "Una kovu lolote huko chini? Nauliza ili nikusaidie usichanike sana wala kupoteza damu nyingi." Warudie hata mara tatu, mpaka maneno yatoke bila kusomwa.

Kwenye tathmini, mgonjwa azungumze kwanza. Muuguzi afuate. Watazamaji wawe wa mwisho, na waseme walichokiona tu: alisimama wapi, alitazama nini, pazia lilifungwa lini.

Walinde wanafunzi wako. Darasani anaweza kuwepo aliyekeketwa, au aliyekimbilia kituo cha Masanga au Nyumba Salama ya Mugumu akiwa mdogo ili asikeketwe. Tangaza kisa siku moja kabla. Anayetaka kutazama tu, au kutohudhuria kabisa, asiulizwe sababu. Wahusika wapewe majina ya igizo, Bhoke au Ghati, na mwisho kila mmoja avue kanga na kutaja jina lake halisi. Usiweke alama. Mwanafunzi akijua anapimwa, ataigiza kwa ajili yako na kumsahau mgonjwa.

Fanyeni wiki moja kabla ya kwenda field. Siku ya kwanza wodini, mpe kila mmoja kazi moja: amsalimie mgonjwa kwa jina na amwambie anachotaka kufanya kabla ya kumgusa. Kisa kinachofuata kipange mwishoni mwa Novemba, kabla msimu wa ukeketaji haujapamba moto: binti wa miaka 13 aliyefikishwa hospitali na polisi wa dawati la jinsia, hataki kuongea na yeyote.